Édouard Bénédictus: Mchora Nakshi Aliyekizuia Kioo Kisitawanyike

Leo nimekusudia kuwasimulia wasomaji wangu maisha ya bwana mmoja wa Kifaransa ambaye kazi yake tunaitazama kila siku bila ya kuiona. Hatuioni kwa sababu macho yetu hupita ndani yake. Abiria anayekwenda Malindi au Lamu, dereva wa lori anayeteremka Mariakani kuelekea bandarini, mama anayewapeleka watoto chuoni kwa gari lake, wote huketi nyuma ya kazi ya bwana huyo. Nasema juu ya kioo cha mbele cha gari, kile ambacho jiwe likikipiga hutanda nyufa kama utando wa buibui, na bado kikasimama pale pale mahali pake. Bwana mwenyewe ni Édouard Bénédictus, aliyezaliwa Paris mwaka 1878 na kufariki katika mji huo huo mwaka 1930.

Wanaosoma historia ya nakshi na vitambaa wanalijua sana jina hili, na wenye viwanda vya vioo nao wanalijua. Nilipoanza kuyafuatilia maisha yake, kilichonishangaza ni kuwa mara nyingi kundi moja humtaja bila ya kuligusa jambo la kundi la pili, kana kwamba walikuwa watu wawili. Alikuwa mmoja. Na nionavyo mimi, lau hakuwa fundi wa nakshi, huenda asingekuwa fundi wa kioo.

MTU WA RANGI NA NGOZI

Bénédictus alianza kwa kazi ya mikono. Alifanya kazi ya ngozi, akapamba majalada ya vitabu, akachora picha, na baadaye akawa mchoraji wa nakshi za mazulia na vitambaa. Hapo hapo alikuwa na mapenzi makubwa ya kemia, akafanya kazi katika maabara akichanganya dawa.

Wako watakaoona kuwa mambo hayo mawili hayapatani. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kustaajabu. Mzee aliyekuwa akichonga milango ya Lamu ilimpasa aujue mti, ajue misumari, ajue mafuta ya kuuhifadhi ubao, na ajue hesabu ya kuyagawa maua yatoshelezane pembe kwa pembe. Mwenye kutia ngozi rangi naye hana budi ajue dawa ipi inashika, ipi inapauka na ipi inakula. Fundi wa kweli hukaa na vitu mpaka akazijua tabia zao, kama mtu anavyozijua tabia za jirani yake.

Nakshi za Bénédictus zilichapishwa kwa njia ambayo Wafaransa huiita pochoir. Bati jembamba hukatwa umbo la ua au jani, likawekwa juu ya karatasi, kisha rangi ikapitishwa kwa brashi, bati moja kwa kila rangi, mpaka ukurasa ukakamilika. Ni kazi ya subira. Mwanamke wa Mombasa akionyeshwa kurasa hizo, naamini atazipima kama anavyoipima leso dukani: rangi zinaelewana au zinagombana, ua limekaa au limesongwa. Na aghalabu ataridhika, maana bwana yule alikuwa na jicho.

MAGARI YA KWANZA NA VIOO VYAKE

Ili tuifahamu kazi yake ya pili, hatuna budi turudi mwanzo wa karne iliyopita. Magari ya kwanza yalikuwa wazi kabisa. Dereva alivaa miwani mikubwa ya kujikinga na vumbi na wadudu. Mwendo ulipozidi, watu wakataka kinga mbele ya uso, wakatia kioo. Lakini kioo chenyewe kilikuwa kile kile cha dirisha la nyumba.

Kila aliyewahi kuvunja bilauri anaijua tabia ya kioo cha namna hiyo. Kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha na makali. Gari likigonga mti au ukuta, msafiri alirushwa mbele akakipasua kioo kwa kichwa chake. Wako walionusurika na kishindo chenyewe, kisha wakakatwa na kioo usoni, machoni au shingoni. Gari halikuhitaji hata kugonga kitu. Jiwe lililorushwa na gurudumu la gari jingine lilitosha kumtia dereva vigae vya macho.

Watu husema ajali haina kinga, na hayo ni kweli kwa kuwa hakuna ajuaye la kesho. Hata hivyo, kutawakali hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake. Swali lilikuwa ngamia huyu atafungwa kwa kamba gani.

CHUPA ILIYOANGUKA

Jibu lilianza kwa bahati mwaka 1903. Yasimuliwa kwamba Bénédictus alikuwa akizipanga chupa zake za maabara, mara moja ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Aliisikia ikipasuka. Alipoinama kuokota vigae hakukuta vigae. Chupa ilikuwa imejaa nyufa juu mpaka chini, lakini umbo lake lilikuwa zima, kila kipande kimeshikana na mwenziwe.

Alipochunguza akakumbuka kuwa chupa ile ilikuwa na nitrati ya selulosi iliyoyeyushwa, dawa inayotokana na pamba iliyotiwa asidi. Maji ya dawa yalikuwa yamekauka zamani, yakaacha ndani ya chupa utando mwembamba usioonekana. Utando huo ndio ulioyazuia mapande yasiachane.

Hapa namwomba msomaji asimame nami kidogo. Chupa huanguka kila siku duniani. Mtu mwingine angeshukuru kuwa hakujikata, akachukua ufagio, na mambo yangekwisha. Bénédictus alijiuliza kwa nini. Nami naona kuwa ule mkono uliozoea kubandika ngozi juu ya jalada ndio uliomfanya aelewe upesi kuwa mbele yake palikuwa na kitu kigumu kilichoshikwa na kitu laini, na kwamba nguvu ilikuwa katika ule ulaini.

Baada ya hapo alisikia habari za ajali za magari mjini Paris na majeraha ya vioo vilivyovunjika, na kumbukumbu ya chupa ikamrudia. Wasimulizi husema alikesha usiku akifanya majaribio, na kesho yake akawa na kipande cha kwanza cha kioo kipya. Visa vya wavumbuzi hupambwa, msomaji wangu, na kila msimulizi hutia chumvi yake. Ambacho hakikupambwa ni hati ya hakimiliki aliyoiomba mwaka 1909. Humo alieleza kuchukua vioo viwili vyembamba, kuweka katikati yake tabaka la seluloidi, na kuvibana vyote vikawa kitu kimoja. Akakiita Triplex, kwa sababu ya zile tabaka 3.

Haki ya mtu isipotee. Mwaka 1905, yaani kabla ya hati hiyo, wakili mmoja wa Swindon, Uingereza, aitwaye John Crewe Wood, alikwisha kupata hakimiliki ya kioo cha gari cha tabaka zilizoshikanishwa kwa utomvu wa mti. Lakini njia iliyokuja kuenea duniani ni ile ya Mfaransa. Mwaka 1911 ilianzishwa kampuni ya Triplex nchini Ufaransa, na mwaka 1912 ikaanzishwa nyingine Uingereza.

VITA VILIFANYA ALICHOSHINDWA MFANYABIASHARA

Mtu angedhani wenye viwanda vya magari walikikimbilia kioo hicho. Hawakufanya hivyo. Kilikuwa ghali, na hakuna aliyependa kumkumbusha mnunuzi habari za kifo wakati anahesabu pesa zake. Ikabidi vita vije. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari walivaa vifuniko vya kujikinga na gesi ya sumu, na palipo macho pakawekwa vioo vya tabaka, kwani kioo kikipasuka na kumwagika katika jicho la askari, kifuniko chote hakina faida.

Vita vilipokwisha, faida ya kioo hicho haikuwa tena jambo la kubishania. Mwaka 1927 Ford ilitoa gari lake la Model A likiwa na kioo cha mbele cha tabaka, na hilo lilikuwa gari la watu wa kawaida, si la matajiri peke yao. Katika miaka ya 1930 sheria za nchi kadhaa zikaanza kudai kioo cha usalama.

Kioo cha Bénédictus kilikuwa na aibu yake, na yafaa itajwe. Seluloidi haiwezani na jua. Baada ya miaka michache iligeuka manjano, na maji yakiingia pembeni tabaka zilianza kuachana. Sisi tunaoishi chini ya jua la pwani tunaweza kukisia kioo hicho kingekuwaje hapa kwetu. Ponya yake ilipatikana baadaye katika miaka ya 1930, pale seluloidi ilipobadilishwa kwa plastiki iitwayo polivinili butirali, isiyogeuka manjano upesi na inayovutika kama mpira kabla ya kukatika. Plastiki hiyo ndiyo iliyomo mpaka leo, na unene wake wa kawaida ni milimita 0.76 tu, chini ya milimita moja. Ila shauri la kuweka kitu laini kati ya vigumu viwili ni lile lile la chupa ya mwaka 1903.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Mtu aliyevumbua kitu kama hicho angeweza kuketi ofisini akahesabu mapato. Bénédictus alirudi kwenye brashi yake. Mwaka 1924 alitoa kitabu cha nakshi kiitwacho Variations. Mwaka 1925 vitambaa vyake vilionekana katika yale maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo mjini Paris, maonyesho ambayo mtindo mzima wa zama hizo ulipata jina kwayo. Kisha akatoa Nouvelles Variations, na mwaka 1930 kikatoka kitabu chake kiitwacho Relais. Mwaka huo huo akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu tu. Hakuwahi kuiona ile plastiki mpya, wala hakuona siku ambayo gari halitoki kiwandani bila kioo cha usalama.

KIOO MIKONONI MWA MAFUNDI

Lakini maisha ya mvumbuzi hayaishi kaburini. Kazi ya Bénédictus huvunjwa na kuanzwa upya kila siku katika gereji zetu, na hapo ndipo ilipo hatari ninayotaka kuizungumza. Kioo kikitoka kiwandani kinajua kazi yake. Kikiwekwa vibaya garini, elimu yote ile hupotea bure.

Kwanza, msomaji ajue kuwa vioo vya gari si aina moja. Cha mbele ni cha tabaka. Vya milangoni na cha nyuma, katika magari mengi, ni kioo kimoja kilichopikwa hadi joto la zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Hicho huwa kigumu, na kikivunjika humwagika chembe ndogo ndogo kama punje za mahindi, zisizo na makali sana. Ila hakikatiki tena baada ya kupikwa. Fundi akijaribu kukipunguza, chote humwagika mikononi mwake. Kwa miaka mingi magari kadhaa yalikuja na kioo hicho hata mbele. Wazee wa barabara ya Nairobi wanakumbuka: jiwe likipiga, kioo chote hugeuka cheupe kwa mara moja, na dereva akalazimika kukitoboa kwa ngumi ili aione njia.

Magari ya zamani kioo chake cha mbele kilishikwa kwa mpira. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la gereji moja mjini Mombasa nikiitazama kazi hiyo, na ina raha yake. Waipa hutolewa kwanza, kisha ule ukanda mwembamba unaoukaza mpira. Fundi huingia ndani, akaunyanyua mdomo wa mpira kwa ubao usio na makali, akasukuma kioo taratibu kuanzia pembe ya juu, na mwenziwe nje akakipokea. Fremu husafishwa na kutolewa kutu. Kioo kipya huvikwa mpira wake, na katika mfereji wa mpira hupitishwa kamba ya kuuzunguka wote, ncha zake mbili zikaachwa chini upande wa ndani. Mpira hupakwa maji ya sabuni. Mmoja akiwa nje hukisukuma na kukipiga kwa kiganja; aliye ndani huivuta kamba kidogo kidogo, nayo ikiuvusha mdomo wa mpira juu ya bati la fremu inchi kwa inchi, mpaka kioo kikakaa. Mwisho humwagiwa maji ili ionekane kama panavuja.

Magari ya siku hizi kioo chake hubandikwa kwa gundi ya yurethani, na hapa hakuna kusukuma. Mafundi wawili, mmoja ndani na mmoja nje, hupitisha waya mwembamba katika gundi wakaivutana kama wapasuao mbao, mpaka kioo kikaachana na bodi. Gundi ya zamani haikwanguliwi mpaka kwenye bati. Huachwa kiasi cha milimita moja au mbili, kwani gundi mpya hushika vyema juu ya ile ya zamani iliyo safi. Palipokwaruzwa rangi hupakwa dawa ya kuzuia kutu. Ukingo wa kioo nao husafishwa na kupakwa dawa yake. Gundi mpya humiminwa mstari mmoja usiokatika, uliosimama kama tuta dogo lenye ncha, kisha kioo huinuliwa kwa vishikio vya mpira vinavyonyonya na kulazwa mara moja tu mahali pake. Baada ya hapo, ni kungoja. Gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewa, na kwa hilo pwani yetu imejaaliwa. Lakini saa zake ni zile zilizoandikwa na aliyeitengeneza, wala fundi hana ruhusa ya kuzipunguza kwa sababu mteja ana haraka. Dirisha moja huachwa wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa isikisukume kioo kikatoka.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu katika gari la leo kioo cha mbele ni sehemu ya mwili wa gari. Gari likipinduka husaidia kulishikilia paa. Na ule mfuko wa hewa wa abiria, katika magari mengi, hufumka ukaegemea kioo ndipo umrudie aliyeketi. Kioo kikiwa hakikushika, mfuko hukisukuma nje, na abiria akafuata njia hiyo hiyo.

Shemeji yangu alibadilishiwa kioo katika gereji moja ambayo haina haja ya kutajwa. Bei ilikuwa nzuri, na gari alipewa baada ya nusu saa. Mvua za masika zilipoanza, maji yakaingia mpaka kwenye dashibodi. Fundi mwingine alipokitazama alikuta kimebandikwa kwa silikoni, ile ya kuzibia mabomba na madirisha ya bafuni, juu ya vumbi na kutu. Kioo kizima kilitoka kwa kusukumwa kwa viganja viwili. Mke na watoto wake walikuwa wakipanda gari lile kila siku. Nikiyawaza hayo mwili hunisisimka.

Basi, msomaji wangu, siku kioo chako kitakapopasuka, usiulize bei peke yake. Uliza ni kioo cha tabaka au sicho. Uliza ni gundi gani itakayotumika, na uombe uione chupa yake na tarehe yake ya mwisho. Uliza gari likae saa ngapi kabla ya kuendeshwa, na ukiambiwa saa tatu, tafuta kivuli na kahawa ukae saa tatu. Fundi mwema hatachukizwa na maswali hayo. Atafurahi kuwa amempata mteja anayeijua thamani ya kazi yake.